Daraja liko juu, watu wako chini

Anayepandia matatu kwenye barabara ya Outer Ring jijini Nairobi asubuhi na kushukia hapo hapo jioni hana budi kuivuka barabara hiyo walau mara moja kwa siku. Akienda anapandia upande mmoja, akirudi anashushwa upande wa pili. Awe anakaa Tassia, Fedha au Pipeline, hilo halimpiti. Hapo hujamhesabu mtoto anayesoma ng'ambo, kibarua anayekwenda viwandani kwa miguu ili abaki na nauli, wala mama anayevuka kufuata bei nafuu ya viazi.

Jioni ndipo mambo huonekana vizuri. Kuanzia saa kumi na mbili steji hujaa hadi watu wakasimama kwenye lami yenyewe. Makanga wanapiga mabati ya gari kwa kiganja, bodaboda wamejipanga wakielekeza magurudumu mtaani, wachuuzi wametandika sukuma wiki na viatu vya mitumba hadi ukingoni. Anayetaka kuvuka hajitupi peke yake. Husimama na wenzake mpaka wafike watano, sita hivi. Kisha mmoja mwenye moyo mgumu, mara nyingi kijana mwenye begi mgongoni, huinua mkono na kushuka barabarani. Wengine humfuata wakimfanya ngao, wenye watoto wakiwashika kwenye kifundo cha mkono na si kwenye vidole, maana vidole huponyoka. Hufika katikati na kusimama tena, mifuko imekumbatiwa kifuani, huku malori ya kokoto yakipita karibu kiasi cha kupeperusha leso. Kisha nusu ya pili, kwa namna ile ile.

Na daraja lipo. Ukiinua macho unaliona, limepita juu ya barabara, na watu wanapita juu yake pia, ila wachache kuliko walio chini.

Maafisa wana jibu lao la siku zote kuhusu jambo hili: Wakenya ni wavivu, hawana nidhamu, hawajui thamani ya maisha yao. Jibu hilo husemwa na watu ambao, kwa kawaida, hufika barabarani wakiwa ndani ya gari. Kwangu mimi anayevuka chini si mjinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ukiikagua utaikuta sahihi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuipige pamoja. Daraja la wapita njia lazima liache nafasi ya malori na makontena kupita chini, kwa hiyo sakafu yake huwa juu kiasi cha mita tano na nusu. Njia ya mteremko inayomfaa mwenye kiti cha magurudumu au mkokoteni wa mtoto inapaswa kupanda mita moja kwa kila mita kumi na mbili za mwendo. Hapo tayari ni mita 66 za kupanda na 66 za kushuka. Ongeza mita 30 za kukatiza barabara yenyewe, jumla inakuwa zaidi ya mita 160. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni dakika mbili na ushei. Chini ni mita 30 tu, na hata ukingoja dakika nzima gari zipungue, utakuwa umefika kabla ya aliyepanda juu kumaliza kushuka. Hayo ni kama daraja liko pale pale unapotaka kuvuka. Likiwa mita 150 kutoka steji, utalifuata mita 150 na kurudi mita 150 upande wa pili, na safari yako imeongezeka kwa zaidi ya dakika nne. Ngazi zinafupisha njia, lakini ni vidato thelathini na kitu vya kupanda, na vingine hivyo vya kushuka, kwa mtu aliyesimama kiwandani tangu saa mbili asubuhi.

Hesabu hii si ya Tassia peke yake. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Uingereza, Moore na Older, walipima jinsi watu wanavyotumia madaraja na njia za chini ya barabara. Waligundua kwamba daraja likimchukua mtu muda sawa na kuvuka chini, wengi hulipanda. Likimchukua muda wa mara moja na nusu, karibu hakuna anayelipanda. Hao walikuwa Waingereza, taifa linalosifiwa kwa kupanga foleni. Kumbe goti ni goti popote.

Kuna hesabu nyingine ambayo haipimwi kwa saa. Usiku ukiingia, daraja lina milango miwili tu, na aliyekusudia kukupokonya simu anaweza kusimama kwenye mmoja huku mwenzake akikufuata kutoka ule mwingine. Taa zikiungua hukaa zimeungua. Kwa mwanamke anayerudi saa tatu usiku swali ni hatari ipi ina nafuu, ile ya gari linaloonekana likija na taa zake au ile ya mtu asiyeonekana kwenye kona ya ngazi. Wengi huchagua gari. Mchana tatizo ni bodaboda. Mwenye pikipiki naye hataki kuzunguka hadi penye njia ya kugeuzia, kwa hiyo hupanda mteremko uliojengewa kiti cha magurudumu, akipiga honi nyuma ya mabibi wenye mizigo.

Halafu kuna suala la steji, ambalo naona ndilo kiini. Abiria husimama matatu zinaposimama, na matatu husimama abiria waliposimama. Ukilijenga daraja mbali na mahali hapo, hakuna bango wala askari atakayewahamisha wote wawili kwa wakati mmoja. Ila ukiileta steji chini ya daraja, yaani ukatengeneza mahali pa gari kuingia, ukaweka paa la kujikinga mvua, ukawapa wachuuzi vibanda mahali wateja wanaposhukia ngazi, umati utahama wenyewe. Wachuuzi wanalijua hili kuliko wahandisi wengi, ndiyo maana hutandika bidhaa zao pale miguu inapopita na si pale ramani inaposema ipite.

Barabara yenyewe haikuwa hivi zamani. Outer Ring ya awali ilikuwa njia moja kila upande, yenye mashimo na msongamano wa kukatisha tamaa kutoka GSU kwenye Thika Road, kupitia Kariobangi na Donholm, hadi njia panda ya Taj Mall. Msongamano huo ulimuudhi kila mtu ila anayetembea. Gari zilizokwama haziui. Ulikuwa unapita katikati ya bampa na bampa, ukigonga boneti kwa kiganja kumwarifu dereva kwamba upo. Katikati ya muongo uliopita Mamlaka ya Barabara za Miji, KURA, ikaipanua kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkandarasi akiwa kampuni ya Kichina ya Sinohydro. Kilomita 13 zikawa barabara pacha, na barabara za pembeni za kuhudumia mitaa. Jengo la Taj Mall lenyewe lilibomolewa Septemba 2018, lakini makanga bado wanaliita na abiria bado wanashukia hapo.

Lami ilitangulia, madaraja ya wapita njia yakafuata. Katika ule muda wa katikati watu walikuwa wamepewa barabara mpya yenye kasi mpya bila njia ya kuivuka, na wengi waliuawa na magari kati ya Mutindwa na Pipeline. Watu walifiwa. Lakini pia walijifunza, na walichojifunza ni kuvuka chini. Daraja lilipofika lilikuta mazoea yamekomaa. Nikisikia mtu akishangaa kwa nini daraja la mamilioni halitumiki, namkumbusha kwamba wateja wake waliachwa muda mrefu wakizoea kuishi bila hilo daraja.

Kasi ndiyo inayoua, wala hakuna fumbo hapo. Sheria ya Kenya inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu kasi ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita 15 dereva wa matatu haihisi hata kidogo. Kwenye barabara pana, iliyonyooka, yenye ukuta katikati, mguu wake unashuka wenyewe kwenye mafuta, kwa kuwa barabara yenyewe imemwambia kwamba hapa ni mahali pa kukimbia. Kibao cha 50 hakiwezi kubishana na lami ya namna hiyo.

Kwa Kenya nzima, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ilihesabu vifo 4,748 vya barabarani mwaka 2024, kutoka 4,324 mwaka uliotangulia. Kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu, kama ilivyo kila mwaka. Duniani kote, katika vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, mtembea kwa miguu ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano. Jijini Nairobi sehemu yao ni kubwa zaidi ya hapo, na sababu mojawapo ni kwamba ndio wengi. Zaidi ya asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Tazama Outer Ring saa kumi na moja alfajiri utaona misafara ya watu wakielekea viwandani gizani, kimya, wengi wao wakiwa na kopo la chakula cha mchana mkononi.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi inajua. Mwaka 2015 ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, yaani kutembea na baiskeli, na sera hiyo ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa kazi hiyo. Ni sera nzuri, nimeisoma. Ilipokuja Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, mwaka 2020, njia pana za kutembelea zilijengwa kweli, zenye matofali mekundu na mabenchi, katikati ya jiji: Kenyatta Avenue, Wabera, Muindi Mbingu. Zinapendeza. Lakini anayekaa Tassia akitaka kutembea juu ya sera ya 2015 itambidi kwanza apande matatu hadi mjini, na ili aipande matatu hiyo, aivuke Outer Ring.

Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji kama Tassia, zaidi imepata fimbo. Katika orodha ya makosa madogo ya barabarani iliyochapishwa mwaka 2016, mtembea kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi anatozwa Sh500. Mara kwa mara askari hufanya msako chini ya madaraja, hasa Thika Road, wakawakamata wavukaji kwa makumi na kuwapakia kwenye lori. Msako ukiisha, watu hurudi chini siku hiyo hiyo. Sijawahi kusikia mhandisi aliyetozwa chochote kwa kuweka daraja mahali pasipo na watu. Na ilipojengwa Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, baadhi ya madaraja ya wapita njia kwenye Mombasa Road yaliondolewa kupisha nguzo zake. Wale wale walioambiwa miaka yote wapande juu wakaambiwa sasa wajipange.

Njia nyingine inayojaribiwa ni uzio wa vyuma katikati ya barabara, ili asiyetaka kupanda asiwe na pa kupenya. Uzio hufanya kazi mpaka chuma kitakapopata mnunuzi. Biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku na Rais Uhuru Kenyatta Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, kisha ikaruhusiwa tena miezi michache baadaye, na vyuma vya barabarani vimeendelea kutoweka. Ukichunguza mahali uzio ulipokatwa, hata hivyo, utaona jambo la kuvutia. Haukatwi ovyo. Tundu liko mkabala na kichochoro cha kuingilia mtaani, au mkabala na steji, au penye lango la soko, na udongo chini yake umekanyagwa ukawa mgumu kama saruji. Hapo ndipo watu wanapotaka kuvukia, wameonyesha kwa nyundo na msumeno. KURA ingeweza kutuma mtu mmoja mwenye daftari atembee kilomita 13 akiandika yalipo matundu, na angerudi jioni na ramani ya vivuko iliyo bora kuliko ya mshauri yeyote.

Nisionekane nimeyakana madaraja. Kwenye barabara pana kama hii, yenye malori ya kwenda viwandani na uwanja wa ndege, mistari myeupe ya pundamilia peke yake ni mapambo. Madereva wa Nairobi hawasimami kwenye mistari hiyo, na anayeiamini atazikwa akiwa na haki. Wapo pia watu wanaovuka chini ya daraja lililo hatua kumi kutoka walipo, mchana kweupe, mikono mitupu, kwa sababu tu mwenzao amevuka. Hao sina la kuwatetea. Lakini wazee, wajawazito, wenye magongo, na wanaobeba mtungi wa gesi begani wanahitaji kuvukia ardhini, na ardhini panaweza kuwa salama ikiwa gari limelazimishwa kupungua kabla halijafika.

Mbinu zote mbili, daraja na kivuko cha ardhini, zinajulikana hadi Dar es Salaam. Manzese, kwenye Morogoro Road, ina daraja la wapita njia la miaka mingi linalotumiwa hasa, kwa kuwa linatua katikati ya soko na makazi. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016 kwenye barabara hiyo hiyo, vituo vikiwa katikati, abiria waliwekewa pia vivuko vya chini vya kuwafikisha huko. Na pembeni mwa shule za jiji hilo, shirika la Amend lilifanya kazi ndogo ndogo zisizopigiwa ngoma: matuta, vivuko vilivyoinuliwa, vijia, vigingi vya kuzuia gari kupanda kando. Majeruhi wakapungua kwa takriban robo kwenye shule hizo, na mradi huo, SARSAI, ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019, dola 250,000. Hakuna nguzo hata moja ya kupanda juu iliyohitajika. Kivuko kilichoinuliwa ni tuta pana lenye mgongo bapa. Mtu anavuka bila kushuka wala kupanda, gari ndilo linalopanda. Mpangilio huo wa nani apande ndio ninaoupenda.

Ndani ya Tassia kwenyewe dawa hiyo ingefaa kesho asubuhi. Mtaa huu umeota juu ya ardhi iliyokuwa ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, magorofa yakatangulia barabara kwa miaka, na mradi wa kuweka barabara na mitaro ukawa kesi na mabishano hadi bungeni. Matokeo yake ni vichochoro ambako mtoto anatoka mlangoni na kukanyaga njia ya bodaboda moja kwa moja. Kasi hapo haitaki kilomita 50, kumi na tano zinatosha kumvunja mguu. Kwenye barabara ya pembeni ya Outer Ring, hatari ina ujanja wake: unatazama kulia kama ulivyofundishwa shule, na pikipiki inakujia kutoka kushoto, imekwepa mzunguko. Wakazi wa muda mrefu utawajua kwa shingo, wanatazama pande zote mbili hata kwenye njia ya upande mmoja.

Sasa kuna jambo linalokuja. Katika mpango wa mabasi ya mwendo kasi wa Nairobi, laini tano zimepewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Nyati ndiyo inayopita Outer Ring. Ikijengwa kama Dar walivyojenga, vituo vitakuwa katikati ya barabara. Maana yake kila abiria, wa kwenda na wa kurudi, wa Tassia na wa ng'ambo, atavuka nusu ya barabara kwenda na nusu hiyo hiyo kurudi, na kituo kimoja kitakusanya watu wote ambao leo wametawanyika kwenye matundu ya uzio. Michoro ya vituo huchorwa kabla ya lami, na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hutangazwa kwenye magazeti, mara nyingi vikifanywa siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati wavukaji wako kiwandani. Cha kuuliza hapo ni umbali kwa mita kutoka mlango wa kituo hadi mdomo wa kichochoro, nani atabadilisha balbu ikiungua, kati ya KURA, kaunti na kampuni ya umeme, na kama gari litapanda tuta au mtu atapanda ngazi.